MARAKUJA KWENYE UKUTA WA NYUMBA

Wengi wanauliza: marakuja inaharibu ukuta ao hapana? Sisi tulipanda mbili nyuma ya nyumba ya baba yetu, na ukuta uliharibika. Lakini kosa lilikuwa letu.

Kuna mimea yenye kushika ukuta kwa mizizi midogo ya shina. Ukiivuta inatoka pamoja na lipu. Marakuja haiko vile. Iko na vikamba vyembamba vyenye kujizungusha kwa waya ao kijiti. Ukuta mtupu haiwezi kuushika. Basi tulipigilia misumari katika matofali mabichi, majani yakalala juu ya udongo. Mvua ikinyesha, ukuta haukauki. Mchwa wakaingia kwa chini, mpaka pembe moja ikaanguka (usiku, bahati hakuna mtu aliyelala pale).

Sasa tunasimamisha miti hatua moja mbali na ukuta, tunafunga waya kati yake. Hewa inapita, jua linafika. Matawi tunayakata mbele hayajafika kwenye manjanja. Huku milimani ile ya matunda ya zambarau ndiyo inafaa. Ya manjano inapenda joto, tena inataka vumbi la maua ya mche mwingine, kwa hiyo usifukuze nyuki wakubwa weusi.

Ukuta tumeujenga upya. Upande wa mbele baba bado anakatala.