Kwa Nini Mbolea Hupotea Katika Jaruba la Mpunga

Mkulima wa Mwea, usitie mbolea ya naitreti katika jaruba lenye maji. Matope yaliyofunikwa na maji hayana hewa, na vijidudu vyake hugeuza naitreti kuwa gesi, ikapaa pamoja na fedha zako. Salfeti ya amonia ni bora, kwa sababu amonia hushikamana na udongo.

Lakini mpunga huteremsha hewa kutoka majanini hadi mizizini, nayo huvuja kidogo matopeni. Hapo vijidudu vingine hugeuza amonia kuwa naitreti. Mizizi hunywa sehemu. Inayobaki huingia matope yasiyo na hewa ikapotea.

Basi changanya mbolea na matope kabla ya kupandikiza, wala usiache jaruba likauke na kujaa tena ovyo.