Kina cha Saratani katika Ukuta wa Kibofu

Katika vijiji vya Muheza na Pangani, kama katika sehemu nyingi za pwani ya Tanga, kichocho ni maradhi ya zamani. Viluwiluwi vya minyoo wake hutoka kwa konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus na kupenya ngozi ya yule aogaye bwawani. Dalili yake kuu ni damu katika mkojo, na mahali ilipozoeleka haimshtui mtu. Mazoea hayo ndiyo hatari tunayokusudia kuieleza.

Mayai ya minyoo yakikwama kwa miaka mingi katika ukuta wa kibofu cha mkojo, huuchokoza bila kukoma. Chembe hai hufa na nyingine kuzaliwa badala yake, na mwishowe baadhi huanza kugawanyika ovyo. Uhusiano huo ulielezwa na Ferguson mjini Kairo mwaka 1911, katika uchunguzi wa wagonjwa 40. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaingiza minyoo hao katika orodha ya visababishi vilivyothibitika.

Je, mgonjwa ataishi? Jambo kubwa linaloamua ni kina ambacho saratani imefikia. Fikiria unyevu katika nyumba ya mawe: ukiwa kwenye chokaa hukwanguliwa, lakini ukifika kwenye boriti, nyumba nzima imo hatarini. Vivyo hivyo, utando wa ndani wa kibofu hauna mishipa ya damu wala ya limfu; saratani iliyomo humo haina njia ya kusafiri, na mara nyingi yaweza kuondolewa. Tabaka la chini yake linayo mishipa hiyo. Saratani ikiingia katika msuli, mara nyingi hulazimu kibofu chote kiondolewe. Ikifika kwenye matezi ya limfu, matumaini hupungua. Ikifika kwenye mapafu, ini au mifupa, tiba huwa hasa ya kupunguza maumivu na kurefusha maisha.

Nchini Marekani, ambako chanzo kikubwa ni sigara wala si kichocho, wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 huishi miaka mitano au zaidi iwapo saratani haijatoka kibofuni. Ikifika matezi ya jirani, hubaki kama 40. Ikienda mbali, hawafiki 10.

Basi, walimu na wanafunzi, mtoto akojoaye damu apelekwe zahanati apimwe na kupewa praziquantel. Lakini mtu mzima ambaye damu yake hurejea baada ya tiba asidhani ni kichocho kile kile. Aende hospitali kubwa, kama ile ya Bombo mjini Tanga, achunguzwe. Na ikibidi apelekwe Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996. Kila mwezi wa kungoja huipa saratani nafasi ya kuukaribia msuli.