Je, Wajua? Mmeru Alihitaji Ruhusa Kupanda Kahawa

Shuka kutoka mji wa Maua, Meru, uingie kwenye shamba lolote la kahawa wakati wa mavuno. Binya tunda moja jekundu: hutoka mbegu mbili zenye utelezi mtamu. Kulikuwa na miaka ambapo mkulima Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuwa na tunda hilo kwenye ardhi yake mwenyewe.

Kahawa ilikuwa ya masetla wa Kizungu. Walidai kwamba Waafrika wangeeneza magonjwa ya mimea, wangeiba kahawa na kuharibu sifa yake sokoni. Hofu kubwa zaidi ilihusu vibarua: mtu mwenye kahawa yake angemchumia mzungu kwa nini? Lakini ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wameunda chama chao cha wakulima wa kahawa tangu 1925.

Kanuni za serikali ya kikoloni za 1934 ndizo zilizofungua mlango, tena nusu tu. Meru, Embu na Kisii zilichaguliwa kwa majaribio, kwa kuwa zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya masetla ya Kiambu na Thika. Wakikuyu waliopakana na mashamba hayo, wenye udongo mwekundu uleule, waliachwa nje. Huo ulikuwa uonevu mtupu.

Baadaye, mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ndio uliosambaza kahawa kwa wakulima wadogo kwa wingi. Roger Swynnerton mwenyewe, aliyeuandika mpango huo, alikuwa amewahi kufanya kazi Kilimanjaro, akaiona kahawa ya Wachaga kwa macho yake.