Mashine ya dola 99 iliyomshinda muuzaji wake: kifaa ukikinunua, ni chako kweli?

Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka wa 2025, kampuni ya Microsoft haitoi tena msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziwezi kupewa Windows 11 kwa njia ya kawaida, kwa kuwa hazitimizi masharti yake: prosesa ni ya zamani, au hazina kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa mtu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, hilo ni swali la pesa. Je, atafute kompyuta nyingine, au ndani ya ile aliyo nayo aweke mfumo endeshi ambao kampuni iliyoitengeneza haukuupanga?

Swali hilo ni la zamani. Lilizuka kwa kishindo nchini Marekani mwezi wa tatu mwaka wa 2000, juu ya mashine ndogo iliyoitwa i-Opener. Historia yake inafaa kukumbukwa leo, kwani inaonyesha wazi nani anafaidika kifaa kinapofungwa, na nini hutokea mnunuzi anapokifungua.

Kompyuta kwa wasiotaka kompyuta

I-Opener iliuzwa na Netpliance, kampuni changa ya mji wa Austin, jimbo la Texas. Wakati huo intaneti ilikuwa inaingia majumbani, lakini watu wengi waliogopa kompyuta: bei yake ilikuwa juu, na ilihitaji kujifunza. Netpliance ikaja na wazo jepesi. Iliwapa watu skrini bapa ya inchi 10 hivi, kibodi, na modemu ya kuunganisha kwenye waya wa simu ya nyumbani. Mtu anaiwasha, anasoma barua pepe na habari, basi. Kwenye kibodi kulikuwa hata na kitufe chenye picha ya pizza, cha kumpeleka mteja moja kwa moja kuagiza chakula.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2000 mashine hiyo iliuzwa dola 99. Kwa skrini bapa ya wakati ule, bei hiyo ilikuwa kama zawadi. Kuitengeneza kulikuwa kunagharimu zaidi ya dola 300, kwa hiyo kila mashine iliyotoka dukani iliiachia kampuni hasara ya zaidi ya dola 200.

Hesabu ya Netpliance ilitegemea kitu kingine: huduma ya intaneti ya dola 21.95 kila mwezi. Mteja angepaswa kulipa miezi kumi hivi ili pengo la bei lizibwe, bila kuhesabu gharama za kuendesha huduma yenyewe. Ni biashara ya kumpa mtu taa kwa bei ya chini ukijua atanunua mafuta kwako tu. Inaendelea mradi taa isikubali mafuta ya duka jingine.

Kilichokuwa ndani ya boksi

Ndani ya i-Opener hakukuwa na maajabu. Kulikuwa na prosesa aina ya WinChip yenye kasi ya megahezi 180 hivi, kumbukumbu ya megabaiti 32, na chipu ya flashi ya megabaiti 16 iliyobeba mfumo endeshi uitwao QNX. Diski kuu haikuwepo. Kwa maneno mengine, ilikuwa kompyuta ya kawaida ya familia moja na zile za ofisini, iliyovalishwa nguo ya kifaa cha nyumbani na kunyimwa mahali pa kuhifadhi programu.

Lakini kwenye ubao mkuu wahandisi walikuwa wameacha soketi ya IDE, yaani ile ambayo diski kuu za miaka hiyo zilichomekwa. Mhandisi mmoja wa mji wa Las Vegas, ambaye kazi yake ilikuwa mashine za kamari, alifungua i-Opener yake na kuitambua soketi hiyo. Tatizo lilikuwa moja: pini zake zilikuwa zimepangwa kinyume, hivyo kebo ya kawaida haikufaa. Alitengeneza kebo iliyogeuzwa, akaunganisha diski ndogo ya kompyuta ya mkononi, na mashine ikawaka kwa mfumo endeshi mwingine.

Maelezo yake yalisambaa mwezi wa tatu mwaka wa 2000. Baada ya siku chache watu walikuwa wanakimbilia madukani, wengine wakinunua zaidi ya moja. Kwa dola 99 za mashine, na pesa kidogo za diski na kebo, mtu alipata kompyuta kamili yenye skrini bapa.

Jinsi walivyoifanya

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua tatu.

Ya kwanza ni diski. Kwa kuwa i-Opener haikuwa na mahali pa kuweka CD, watu walichukua diski ya kompyuta ya mkononi, wakaiandaa ndani ya kompyuta nyingine kwa kuweka Windows au Linux, kisha wakaihamishia kwenye i-Opener.

Ya pili ni kebo na umeme. Kebo ilipaswa kugeuzwa ili kila pini ikutane na mwenzake. Hapa ndipo wenye haraka walipata hasara, kwani ukigeuza vibaya unaweza kuunguza diski au ubao.

Ya tatu ni BIOS, programu ndogo inayoamka kwanza umeme unapoingia na kuamua mfumo endeshi usomwe wapi. Ilipaswa kuambiwa kwamba sasa kuna diski. Katika mashine za mwanzo hilo liliwezekana kwa mipangilio tu. Katika mashine za baadaye ilibidi BIOS yenyewe ibadilishwe.

Baada ya hapo ikabaki kazi ya subira: kutafuta dereva za skrini, za sauti, na za kuunganisha mtandao kupitia mlango wa USB. Hakuna duka wala kampuni iliyotoa msaada. Kila aliyefaulu aliandika alivyofanya, na aliyefuata akaanzia pale. Wengine waliacha diski kabisa wakaunda matoleo madogo ya Linux yaliyoenea ndani ya zile megabaiti 16 za flashi.

Kampuni yajibu kwa gundi

Netpliance ilikuwa katika siku nyeti. Hisa zake ziliingia soko la Nasdaq tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka wa 2000 kwa bei ya dola 18 kila moja. Wiki moja tu kabla, tarehe 10, kipimo cha soko hilo kilikuwa kimefika kilele chake, na baada ya hapo kampuni nyingi za intaneti zilianza kuporomoka. Kampuni inayouza kwa hasara ilikuwa inaonyesha wawekezaji kwamba baadhi ya wateja wake hawana nia ya kulipa hata mwezi mmoja.

Ikajibu kwa njia mbili. Kwanza ilibadilisha masharti: mnunuzi akatakiwa kujiandikisha kwa huduma wakati wa kununua. Pili ilibadilisha mashine: pini zikakatwa, na chipu ya BIOS ikafunikwa kwa gundi ngumu ili isitolewe. Mafundi nao wakajibu. Waliunganisha pini upya kwa waya na solda, na mbio za panya na paka zikaendelea kwa miezi kadhaa.

Je, waliobadilisha mashine walikuwa wezi? Wakati wa kununua, walilipa bei iliyoandikwa, na mashine za mwanzo ziliuzwa bila mkataba wa kumfunga mteja. Punguzo lilikuwa bahati nasibu ya kampuni, haikuwa deni la mnunuzi. Kwa upande mwingine, wafanyakazi na wawekezaji wa Netpliance walikuwa na haki ya kuona kwamba mpango wao unabomolewa na watu ambao hawakuwa wateja waliowalenga. Pande zote mbili zilijua mchezo. Tofauti ni kwamba upande mmoja ndio ulioandika bei.

Mteja wa kawaida ndiye aliyelipa

Katika kelele za kebo na gundi, watu waliosahaulika ni wale walionunua i-Opener ili kuitumia kama ilivyotangazwa. Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, FTC, ilichunguza malalamiko. Mwaka wa 2001 iliishtaki Netpliance kwamba matangazo yake yaliahidi intaneti kamili wakati mashine haikuweza kufungua baadhi ya vitu vya mtandaoni; kwamba haikuwaeleza wateja vizuri kuwa wengine watatozwa pesa za simu za mbali ili kuunganishwa; na kwamba ilitoza pesa za huduma bila idhini inayofaa. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 100,000 na kubadili mwenendo.

Hapo ndipo somo linapokuwa zito. Aliyejua kufungua mashine aliondoka na kompyuta kwa bei ya chini. Aliyeiamini kampuni alibaki na kifaa kinachotegemea huduma moja. Huduma ikizimwa, mashine inabaki kitu cha kupamba meza. Netpliance iliachana na biashara hiyo, na mwaka huohuo wa 2001 ikabadili jina kuwa TippingPoint, ikaanza kuuza vifaa vya kulinda mitandao.

Wengine wa kizazi hicho hawakuenda mbali. Kampuni ya 3Com ilitoa mashine iitwayo Audrey mwezi wa kumi mwaka wa 2000 kwa dola 499. Miezi mitano baadaye ikaisimamisha. Sony ilitoa eVilla mwaka wa 2001 na kuiondoa baada ya miezi michache tu. Audrey nayo ilifunguliwa na mafundi, na baadhi yake ziliendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya kampuni kuzisahau.

Maisha yana vichekesho vyake. Mwaka wa 2005, 3Com iliyoshindwa na Audrey iliinunua TippingPoint iliyoshindwa na i-Opener. Mwaka huohuo TippingPoint ilianzisha mpango wa Zero Day Initiative, ambao hadi leo unawalipa watafiti wanaogundua udhaifu ndani ya programu. Kampuni iliyowahi kumwaga gundi juu ya chipu ili kuwazuia wadadisi ikawa ndiyo inayowapa pesa.

Ugomvi haujaisha

Mfano ni mwingi. PlayStation 3 ya Sony ilipotoka mwaka wa 2006 ilimruhusu mwenye nayo kuweka Linux. Tarehe 1 mwezi wa nne mwaka wa 2010 kampuni ikaondoa ruhusa hiyo kwa sasisho, na wateja wa Marekani wakaenda mahakamani. Mwezi wa saba mwaka huohuo, Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina mamlaka juu ya misamaha ya sheria ya hakimiliki, ilikubali kwamba mwenye simu anaweza kuifungua ili aweke programu asizopangiwa. Hata kompyuta za Chromebook, ambazo huacha kupokea masasisho baada ya muda uliopangwa, nyingi za zamani zina skrubu moja ndani yake: ikitolewa, programu ya kuwashia inaweza kubadilishwa na mashine ikapokea Linux.

Kwa mwenye Windows 10 hapa kwetu

Habari njema ni kwamba kompyuta ya kawaida haihitaji kebo iliyogeuzwa wala solda. Linux Mint, kwa mfano, ni ya bure, inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Faili lake ni kubwa, karibu gigabaiti 3, na bei ya mega tunaijua sote. Ni busara watu kadhaa wachange, mmoja apakue, kisha wote wanakili kwenye flashi ya gigabaiti 8.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Hifadhi kwanza picha na hati zako mahali pengine, kwani kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta diski nzima. Hakikisha umeme hautakatika katikati ya kazi: kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa. Na ujue kwamba programu zilizoandikwa kwa Windows, zikiwemo baadhi za uhasibu na za ofisi, huenda zisifanye kazi. Kama maisha yako yanategemea mojawapo, uliza kabla.

Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya mafundi huitumia: kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika. Mara nyingi inaingia, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba masasisho yataendelea kufika. Anayelipia kazi hiyo aambiwe hivyo waziwazi.

Na kabla hujatoa pesa, mwombe fundi aiwashe kompyuta yako kwa Linux kutoka kwenye flashi, mbele yako, bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kama vyote vinafanya kazi, umejua unachonunua, jambo ambalo wateja wengi wa i-Opener hawakulipata.