Kikopo cha Mume

Ndoa ikipitisha mwaka wa pili bila mtoto, Kibimba wilayani Ngara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kagera, anayefunga safari ni mke. Ataanzia zahanati, atapitishwa kwa mganga wa mizizi, kisha hospitali kupigwa picha ya kizazi. Mume anabaki na migomba yake. Pengine ataozwa mke wa pili, na huyo naye asiposhika mimba ndipo minong'ono inageukia upande wa pili wa kitanda.

Ingekuwa nafuu kuanzia huko. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, tatizo linamgusa mume, peke yake au pamoja na mkewe, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vya mke: siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kikopo kisafi, hadubini. Kikwazo ni saa. Shahawa hutakiwa kupimwa ndani ya saa moja hivi, zikiwa bado na joto la mwili, kwa hiyo mtu wa kijijini hawezi kuzitoa alfajiri akamkabidhi bodaboda azipeleke mjini. Itabidi azitoe hukohuko hospitali. Chumba cha faragha kisipokuwepo, choo ndicho chumba, na hapo wapo wanaoghairi.

Maabara huhesabu wingi, mwendo na umbo la mbegu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 zinazojongea, na zenye umbo zuri asilimia 4 tu. Ndiyo, nne. Viwango hivyo vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa kila kipimo, asilimia 5 yao walikuwa chini ya hapo, na ni akina baba.

Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ndiyo maana mishipa iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, na kuipasha joto, ukiishika kama fungu la minyoo, hukutwa kwa zaidi ya theluthi ya wanaume wanaotafuta mtoto bila mafanikio. Hurekebishwa kwa upasuaji. Homa kali nayo huunguza. Mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kukamilika, hivyo homa ya Machi inaweza kuonekana kwenye kikopo cha Mei, na aliyeacha sigara au gongo wiki iliyopita asikimbilie maabara leo.

Kisonono na klamidia ni habari nyingine: mbegu zinatengenezwa, njia imeziba. Kagera inalijua hilo tangu zamani. Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani humo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilisifika kwa uzazi mdogo, magonjwa ya zinaa yakinyooshewa kidole, na mwaka 1952 wanaanthropolojia Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya utafiti wa uzazi huko na Buganda.

Sumu nazo zimo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California waligundua kwamba ni wachache sana kati yao wanaopata mtoto. Walikuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi. Dawa hiyohiyo iliacha maelfu ya vibarua wa mashamba ya ndizi Costa Rica bila uzazi. Mkulima wa migomba anayepulizia dawa bila glovu ana sababu ya kusoma kibandiko.

Halafu kuna unga wa mnadani wa "nguvu za kiume". Nguvu na mbegu ni vitu viwili: mwanamume anaweza kuwa imara kitandani na kikopo chake kikawa kitupu. Sindano za homoni za kiume, zinazopendwa na wajenga misuli, huuambia ubongo kwamba homoni inatosha, na korodani zinapunguza kazi au kuiacha kabisa. Anayetafuta mtoto akichomwa hizo anajifungia mlango mwenyewe.

Majibu yakija mabaya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya yeyote kuitwa mgumba.