Kivu: redio zinajadili Arsenal, nani atatangaza Muungano?

Jumamosi mchana, mechi kubwa za ligi katika miji ya Kivu mara nyingi huanza saa tisa na nusu. Kabla hazijaisha, saa kumi ao saa kumi na moja kufuatana na majira ya Ulaya, mechi za Uingereza nazo zinaanza. Redio yenye studio moja inapaswa kuchagua. Siku hizi, mara nyingi kinachoachwa ni uwanja wa Concorde wa Kadutu, mjini Bukavu, ao uwanja wa Unité, mjini Goma.

Zamani kipindi cha michezo kilikuwa mtu mmoja kando ya uwanja, simu sikioni, akieleza mpira uko upande gani na nani anao. Mama sokoni, dereva wa pikipiki kituoni, na yule aliyekosa pesa ya tiketi, wote walifuata mechi kupitia yeye. Baadaye likaja jarida la michezo: matokeo, msimamo wa ligi, sauti ya kocha iliyorekodiwa. Leo kinachotawala ni mjadala: watu watatu mezani, wasikilizaji wakipiga simu ao kutuma sauti kwa WhatsApp.

Mtindo huo haukuzaliwa hapa. Tarehe 1 Julai 1987, mjini New York, redio ya WFAN ilianza kuzungumzia michezo tu, usiku na mchana, kwenye masafa ambayo hadi siku hiyo yalipiga muziki wa country. Wengi waliona haitafika mbali. Mwaka uliofuata ilihamia masafa ya 660, na mtindo wake ukaigwa sehemu nyingi. Ilionyesha kwamba mashabiki wenyewe, kwa maneno yao, wanaweza kujaza saa nyingi za redio bila gharama kubwa.

Gharama ndiyo kiini cha mambo. Kutangaza mechi moja kwa moja kunaomba usafiri, mayunite ya simu kwa zaidi ya dakika 90, betri ya akiba na mtu wa kusaidia kutambua wachezaji. Mtandao ukikatika, redio inabaki kimya. Mjadala hauombi kitu cha kutoka nje ya studio. Kampuni za kubeti nazo zinapendelea vipindi vinavyotaja mechi zilizo kwenye kuponi zao, na nyingi ni za Ulaya.

Vita imezidisha uzito. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mfanyabiashara aliyekuwa akilipia tangazo alianza kuhesabu kila faranga. Klabu nazo, ambazo ligi inazidai kusafiri, zilijikuta bila njia.

Katika hali hiyo ni vigumu kulaumu redio. Lakini mechi ya Arsenal msikilizaji ataipata hata redio ikinyamaza: iko kwenye simu, kwenye televisheni ya baa, kwenye mazungumzo ya kazini kesho yake. Mechi ya Muungano na Bukavu Dawa haiko popote kama hakuna anayeieleza. Kijana aliyefunga bao hasikiki nje ya mtaa wake, na mdhamini haoni sababu ya kuweka pesa. Pia mtangazaji kijana anakosa mahali pa kujifunza kazi, kwa maana kutangaza kwa Kiswahili kunajifunzwa uwanjani.

Kati ya kuacha kabisa na kutangaza dakika zote 90 kuna njia. Mjadala unaweza kukatizwa kila robo saa kwa dakika mbili za simu kutoka uwanjani. Redio mbili ao tatu za mji mmoja zinaweza kugawana mtangazaji mmoja na gharama zake. Matokeo ya ligi ya mji, pamoja na majina ya wafungaji, yanaweza kuwa na saa yake kila jioni ya Jumapili.

Mjadala utaendelea, na wasikilizaji wanaupenda. Ila mtu anayepiga simu kutetea timu ya London, wengine wanaibishia kwa lugha zote za dunia. Timu ya Kadutu ina redio za Bukavu tu.