Namna ya kusafisha mtutu wa bunduki ya upepo bila kuharibu shabaha yake



Katika ukurasa huu wa Sayansi na Ufundi tumezoea kueleza vyombo vinavyopatikana kwetu nyumbani: taa ya petroli, redio, kinga, pompi ya maji. Mara hii tumepata swali kutoka kwa wenzetu wa upande wa Ruzizi, kule ndege wanakokula mpunga shambani. Kwao iko bunduki ya upepo, ile wazee wanaita karabini. Zamani ilikuwa inapiga sawasawa, leo inapiga huku na huku. Wanauliza: tuisafishe namna gani? Tutie petroli? Tusugue na brosi ya chuma?

Jibu letu la kwanza ni hili: hapana kusugua bado. Karabini nyingi za upepo haziharibiwi na uchafu, zinaharibiwa na mkono wa yule anayezisafisha. Tueleze sababu.

1. INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Bunduki ya askari inatumia baruti. Baruti ikiwaka inaacha masizi ndani ya mtutu, tena risasi yenye ngozi ya shaba inaacha shaba. Ndiyo maana askari anafundishwa kusafisha silaha yake kila mara. Wengi wanafikiri karabini ya upepo ni vile vile. Sivyo. Ndani yake hamna baruti. Kuna resori yenye nguvu na pistoni. Ukivunja mtutu kwenda chini, resori inakazwa. Ukifyatua, resori inasukuma pistoni mbele, pistoni inabana hewa, na hewa ile inasukuma plombi, yaani kile kidonge kidogo cha risasi.

Plombi ya kawaida ina upana wa milimeta 4,5. Tazameni umbo lake: kiuno chembamba, na nyuma iko wazi kama sketi. Hewa ikiingia ndani ya sketi inaipanua mpaka inagusa ukuta wa mtutu pande zote, na upepo haupati njia ya kutorokea. Ukuta wenyewe una mifereji myembamba inayozunguka kama meno ya vise. Mifereji hiyo inazungusha plombi. Kitu kinachozunguka hakiyumbi upesi. Mtoto anayecheza pia anajua jambo hili hata kama hajasoma fizika.

Basi, ndani ya mtutu wa namna hii mnabaki kitu gani? Unga kidogo wa risasi, mafuta kidogo, vumbi, na kwetu Bukavu, ambako mvua inanyesha karibu miezi tisa ya mwaka, unyevu. Hayo ndiyo yote. Tena ule utando mwembamba wa risasi si adui. Unajaza vishimo vidogo vya chuma, na kila plombi inapita njia ile ile kama ile iliyotangulia.

2. MAHALI PAWILI PA KUOGOPA

Pa kwanza ni mifereji. Chuma cha mtutu wa karabini ya upepo kwa kawaida ni laini kuliko cha bunduki ya baruti, na mifereji yake haina kina kirefu. Fimbo ya chuma au brosi ya chuma inaweza kuikwaruza. Mkwaruzo hautibiki, kwa sababu chuma kilichoondoka hakirudi.

Pa pili ni mdomo wa mtutu, pale plombi inapotokea. Hapa ndipo mahali pa mwisho plombi inapogusa chuma. Mdomo ukiwa sawa pande zote, hewa inatoka sawa pande zote. Ukiwa na pengo upande mmoja, hata dogo lisiloonekana vizuri kwa macho, hewa inatangulia kutoka pale na kusukuma mkia wa plombi pembeni. Mtu anayeingiza fimbo kwa mbele anasugua mdomo huo kila safari. Anafikiri anasafisha, kumbe anakata shabaha.

3. VITU VISIVYOFAA KUTIWA NDANI

Hapana kutia petroli, esansi, mazutu, wala mafuta ya breki. Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza: pistoni ina kifuniko cha ngozi katika karabini za zamani, na cha plastiki katika zile za baadaye. Esansi na mafuta ya breki vinaweza kuharibu vifuniko hivi na mpira unaozuia upepo. Kifuniko kikiharibika, upepo unatoroka na nguvu inapungua.

Sababu ya pili ni ya moto. Mwenye kupuliza gurudumu la kinga anajua kwamba pompi inapata joto, kwa sababu hewa iliyobanwa inapata joto. Katika karabini hewa inabanwa upesi sana, na joto lake linaweza kuwasha mvuke wa mafuta. Ndiyo kazi ya motere ya Mjerumani Rudolf Diesel, iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897: mazutu yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, bila cheche. Malori yanayopanda barabara ya Uvira yanatembea kwa kanuni hiyo. Lakini karabini si lori. Mafuta yakiwaka ndani yake inalia sana, inatoa moshi, plombi inakwenda ovyo, kifuniko kinaungua, na resori inaweza kuvunjika.

4. KABLA YA KUSAFISHA, PIMA

Weka karatasi kwenye umbali wa metre 10, na nyuma yake kilima cha udongo. Egemeza karabini juu ya mfuko wa mchanga, piga plombi tano bila kubadilisha mahali pa kulenga. Kisha pima kwa rula kutoka tundu moja mpaka lile la mbali zaidi. Andika tarehe juu ya karatasi na uitunze. Hiyo ndiyo cheti ya bunduki.

Matundu yakitawanyika kuliko zamani, usikimbilie mtutu. Angalia kwanza vise za mbao: resori inatikisa chombo chote, na vise zinalegea pole pole. Angalia kilengeo cha mbele na cha nyuma kama vinacheza. Angalia plombi zenyewe: zile zilizobonyea sketi ndani ya mfuko haziwezi kwenda sawa, hata mtutu ukiwa mpya. Ukikuta kasoro hapo, itengeneze, kisha piga tena plombi tano. Mara nyingi ugonjwa utakuwa umekwisha, na mtutu haukuguswa hata kidogo.

5. KAZI YENYEWE

Kama hayo yote yako sawa na matundu bado yametawanyika, basi safisha hivi:

a) Hakikisha hamna plombi ndani. Elekeza mdomo mahali pasipo mtu. Hapana kuchungulia kwa mbele.

b) Fungua mtutu kidogo tu, mpaka tundu la nyuma lionekane. Usiuvute mpaka usikie «ta». Hapo resori imekazwa, na mtu akigusa kifyatulio mtutu utarudi juu kwa nguvu na kuvunja vidole, au mtutu wenyewe utapinda.

c) Tafuta nailoni ya wavuvi, laini na safi. Ikunje mara mbili. Ingiza ncha zake mbili kwa tundu la nyuma mpaka zitokee mdomoni. Nyuma kitabaki kitanzi.

d) Kata kitambaa cha pamba kilichochakaa, kama fulana ya zamani, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kitie ndani ya kitanzi, uvute pole pole kuelekea mbele, nailoni ikinyooka katikati bila kusugua mdomo. Kitambaa kikikataa kupita ni kikubwa mno. Kitoe na ukipunguze. Hapana kuvuta kwa nguvu, na hapana hata siku moja kufyatua bunduki ili kukitoa.

e) Kitambaa cha kwanza kiwe kikavu. Kikitoka na rangi ya majivu, ni risasi, haina neno. Kikitoka na rangi ya matofali, ni kutu. Hapo weka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani juu ya kitambaa, ukipitishe, kisha pitisha vikavu mpaka mafuta yasionekane tena. Usiku ule weka karabini mdomo ukitazama chini, mafuta yasirudi kwenye pistoni.

f) Vitambaa viwili vikifuatana na rangi moja, acha. Usitafute kitambaa cheupe kama theluji.

6. BAADA YA KAZI

Usishangae kama plombi kumi au ishirini za kwanza zinapotea kidogo. Utando wa risasi unajijenga upya. Kisha piga tano juu ya karatasi mpya, ulinganishe na cheti ya zamani. Kama imekuwa nzuri, usiguse tena mpaka karatasi yenyewe ikuambie.

Usiweke karabini ikiwa imekazwa, resori inachoka. Usizibe mdomo kwa kitambaa, unyevu unalala pale. Mwisho, nawa mikono kwa sabuni, na hapana kuweka plombi kinywani wakati wa kulenga, kama wengine wanavyofanya. Risasi ni sumu inayoharibu ubongo, zaidi wa watoto.

7. KWA NINI TUNAJISUMBUA?

Mtu anaweza kusema huu ni mchezo tu. Kweli, ni mchezo pia: tangu mwaka 1984 watu wanashindana kwa karabini ya upepo ya metre 10 katika Michezo ya Olimpiki, na alama ya kumi ni kidoti cha nusu milimeta. Lakini fikirini mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 karibu na mji wetu. Sokwe mkubwa akinaswa mkono na waya wa mtego, hakuna mtu anayeweza kumfungua akiwa macho. Waganga wa wanyama, kama wale wa Gorilla Doctors waliofanya kazi pale, wanamrushia sindano ya usingizi kwa bunduki ya upepo au ya gesi. Sindano ile inapaswa kuingia katika nyama ya paja au ya bega. Ikipotoka inaweza kupiga jicho. Hapo shabaha ni uzima.

Na nyumbani pia. Plombi inayopotoka haijui tofauti ya ndege na mtoto anayepita nyuma ya mpunga. Hatuandiki haya ili wanafunzi watembee na karabini. Mji huu umeona vita tangu mwaka 1996, na mtu akiona mtutu mrefu njiani hataulizi kama ni wa upepo au wa baruti. Chombo hiki kikae nyumbani, kwa ufunguo, mikononi mwa mkubwa anayejua sheria na mwenye ruhusa.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, kinasimulia habari za Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto, wenye shabaha kali ya kombeo. Walimu wa Kiebrania wanatufundisha kwamba tendo linalotumika pale kwa kukosa shabaha ndilo hilo hilo la kutenda dhambi. Kiswahili nacho kinasema hivyo: anayekosa shabaha na anayefanya kosa wanatoka katika neno moja. Basi, ndugu, tuwe waangalifu katika vidogo: tupime kwanza, tuguse baadaye, na tuguse kidogo.

Ukurasa wa Sayansi na Ufundi